Haki ya mfungwa ina siku zake

(Ifuatayo ni mada iliyowasilishwa katika darasa la waumini, Temeke, Dar es Salaam.)

 

Ndugu Waislamu, Suratu Yusuf inatusimulia kuwa Nabii Yusuf (A.S.), akiwa gerezani kwa dhulma, alimwomba mfungwa mwenzake aliyekuwa akitoka amtaje mbele ya bwana wake. Yule mtu akasahau, na Yusuf akabaki kifungoni miaka kadhaa. Mazingatio ya kisa hiki ni mengi. Leo tuchukue moja: mfungwa hudhurika pia kwa usahaulifu wa aliye nje.

Ndugu yetu anapohukumiwa, jamaa hulia, kisha huchangishana. Si vibaya, lakini sheria haihesabu machozi, inahesabu siku. Aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi anatakiwa kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na kuwasilisha rufaa yake Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Siku za kusubiri nakala za mwenendo wa kesi na hukumu hazimo katika hesabu hiyo ya 45. Basi ziombeni mapema kwa maandishi, na mtunze ushahidi wa tarehe. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Wala mfungwa halazimiki kungoja wakili: anaweza kumkabidhi Mkuu wa Gereza rufaa yake, naye ana wajibu wa kuifikisha mahakamani.

Ama aliyepigwa au kushikiliwa isivyo halali, akataka kuidai serikali fidia, kwa kawaida ana miaka 3, na kabla ya kufungua shauri lazima atoe notisi ya siku 90. Waislamu wa jiji hili tunayakumbuka ya Mwembechai, Kinondoni, Februari 1998. Kukumbuka ni wajibu, lakini kukumbuka hakusimamishi hesabu ya siku.

Aliyechelewa asikate tamaa. Aombe kuongezewa muda, huku akijua kuwa Mahakama ya Rufani imesisitiza kila siku ya ucheleweshaji itolewe maelezo. Mwaka 2015, katika shauri la Alex Thomas dhidi ya Tanzania, Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ilizingatia kuwa mlalamikaji ni mfungwa, fukara, asiyejua sheria, ikakubali kumsikiliza ijapokuwa zaidi ya miaka 3 ilikuwa imepita. Lakini tangu Novemba 2020, baada ya Tanzania kujitoa katika tamko lake, mwananchi hawezi tena kupeleka shauri jipya huko moja kwa moja. Zimebaki mahakama zetu, na tarehe zake.

Atasema mtu: je, huku si kuwatetea waovu? La hasha. Rufaa ni kuomba hukumu ipimwe tena, na dhulma ni haramu hata kwa mkosaji.

Ndugu zangu, dini iliyotuwekea sala kwa nyakati maalumu, na ikatuamrisha kuandikiana madeni, haituruhusu uzembe huu. Kila msikiti uwe na daftari: jina la mfungwa, mahakama, namba ya kesi, tarehe ya hukumu, na siku ya mwisho ya rufaa. Tuwatafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Na tunapokwenda Keko, Segerea au Ukonga, baada ya salamu, swali la kwanza liwe: hukumu ilitoka lini?