Tina na Vanishi: Mlinde Mtoto

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya tina, ile dawa ya kulainishia rangi na vanishi.

Hapa Mji wa Kale, Idi au harusi inapokaribia, mafundi huitwa. Milango ya nakshi, vitanda na makabati hupakwa vanishi upya. Ni jambo jema, lakini ni vizuri ujue kilichomo kwenye chupa ya fundi.

Vanishi nzito haipakiki vizuri. Tina huilainisha, ikatandaa juu ya mbao. Kisha tina hugeuka mvuke na kuondoka, vanishi ikabaki kavu na kung'aa. Kwa hivyo ile harufu unayoinusa ni tina inayotoka mbaoni na kuingia katika pumzi yako. Ndani yake mara nyingi mna tolueni na asetoni. Asetoni ndiyo hiyo ya kutolea rangi ya kucha.

Kumbuka mambo mawili. Kwanza, mvuke huu ni mzito kuliko hewa. Ule wa tolueni ni mzito karibu mara 3. Chumba kikifungwa, hushuka chini, pale mtoto anapotambaa na anapolazwa mkekani. Huleta kizunguzungu, kichefuchefu, maumivu ya kichwa na usingizi usio wa kawaida. Mama mjamzito naye akae mbali, maana mvuke mwingi wa tolueni unaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Pili, hushika moto upesi. Tolueni hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye ubaridi wa nyuzi 4 za Selsiasi, sembuse joto letu la Mombasa. Usiwashe jiko wala mshumaa karibu. Wengi wetu hufukiza udi ili kuondoa harufu ya rangi. Udi huficha harufu tu, hauondoi mvuke, na kaa la chetezo linaweza kuuwasha.

Basi ufanye nini? Mwambie fundi apakie nje au uani. Ikiwa ni lazima iwe ndani, fungua madirisha na milango, na watoto walale kwa nyanya au kwa jirani mpaka harufu iishe. Mtoto akipakaa rangi mwilini, msugue kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni na maji, si kwa tina. Na ukiambiwa hina imetiwa tina au petroli ili ikole, ikatae.

Jambo kubwa zaidi ni chupa. Tina ni nyeupe kama maji. Ikitiwa kwenye chupa ya soda, mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Iache katika mkebe wake, ifunge, iweke juu kwenye kabati lenye kufuli. Fundi akimaliza, aondoke na yake.

Mtoto akinywa, usimtapishe. Usimpe maziwa, wala maji ya chumvi, wala mafuta. Akitapika, tina inaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi, umkimbize hospitali. Coast General, ile tuliyozoea kuiita Makadara, iko hapa hapa kisiwani. Chukua na mkebe uliofungwa, daktari aone ni kitu gani. Nenda hata kama anacheza, kwani shida ya kupumua inaweza kuanza baada ya saa kadhaa. Ikimwingia machoni, mmiminie maji safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha mpeleke.

Mama, leo kabla ya kulala, angalia chini ya kitanda, chini ya ngazi na nyuma ya mlango. Ukikuta chupa ya tina, iondoe. Waambie yaya na nyanya pia.