Kiingilio Kisiwe Ukuta

(Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wahitimu)



Nimepewa dakika ishirini nizungumze juu ya michezo na jamii. Nadhani Mwenyekiti alitarajia nitoe maneno mema juu ya afya na nidhamu. Hayo mtayapata kwa wasemaji walionizidi. Mimi naomba ruhusa nizungumzie jambo dogo, nalo ni bei ya tiketi ya mpira. Kwa nini nimelichagua, mtaona kabla sijaketi, kwa kuwa linahusu ajenda namba 6 ya kikao chetu cha kesho asubuhi.

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha pili katika shule hii. Jumamosi moja timu mbili kubwa zilikuja mjini kucheza mchezo wa kombe, nasi tukapewa ruhusa ya kutoka hadi saa kumi na mbili jioni. Wenzangu watatu walikuwa na fedha ya kiingilio. Mimi nilikuwa na nauli, tena ya kwenda tu. Wenzangu walipopita mlangoni nilibaki kando ya ukuta, nikisikiliza kelele za watu wengine kama mtu anayenusa pilau ya jirani.

Akaja fundi baiskeli wa kijiji hiki. Wengi wenu mnamfahamu, kwa sababu hakuna aliyesoma hapa ambaye hakuwahi kuazima pampu yake. Hakuniuliza kitu. Alininyoshea mkono, nikaushika. Enzi zile mtoto aliyeshikwa mkono na mzazi wake hakutozwa. Bawabu alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi niliyekwisha kumfikia mabegani, akasema, "Na huyu?" Fundi akajibu, "Mwanangu huyo." Tukapita.

Mchezo wenyewe nimeusahau, hata idadi ya mabao. Mkono ule sijausahau. Ulikuwa na grisi.

Ndugu zangu, malalamiko juu ya viingilio vya michezo ya kombe si ya kwetu peke yetu, wala hayakuanza jana. Naomba niwapeleke kwanza Uingereza. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, watu walibanana katika nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest. Waliokufa kutokana na msiba ule wamefikia 97. Jaji Taylor aliyepewa kazi ya kuchunguza alitoa ripoti yake ya mwisho Januari 1990, akashauri viwanja vikubwa viwe vya viti vitupu, pasiwe na majukwaa ya kusimama. Lakini jaji huyo huyo alieleza kwamba viti visiwe sababu ya kumfukuza mtu wa kipato cha chini. Alitoa mfano wa uwanja wa Ibrox kule Glasgow, ambako kiti kilikuwa Pauni 6 na kusimama Pauni 4. Viwanja vilitii nusu ya kwanza ya ushauri. Viti viliwekwa. Nusu ya pili iliachwa kabatini, na bei zikapanda mwaka hadi mwaka.

Matokeo yake yalionekana dhahiri mwezi Februari 2016. Tarehe 6 ya mwezi ule Liverpool ilikuwa ikicheza na Sunderland katika ligi, huku wenye timu wakiwa wametangaza kwamba msimu utakaofuata tiketi ya juu kabisa itakuwa Pauni 77. Ilipofika dakika ya 77, mashabiki wapatao 10,000 waliinuka wakatoka nje. Timu yao ilikuwa ikiongoza mabao mawili kwa bila. Mchezo ukaishia mbili kwa mbili. Baada ya siku nne wenye timu waliomba radhi na kuifuta bei ile.

Siku tatu tu baada ya tukio hilo, tarehe 9 Februari, zamu ilikuwa ya Ujerumani. Borussia Dortmund ilikwenda Stuttgart kucheza robo fainali ya Kombe la Ujerumani, na tiketi nyingine zilifika Yuro 70. Mashabiki wa Dortmund waliosafiri walikaa nje kwa dakika 20 za mwanzo, na sehemu yao ikawa tupu. Walipoingia, wakarusha mipira ya tenisi uwanjani hata mchezo ukasimama kidogo. Timu yao ilishinda 3-1, lakini kilichozungumzwa kesho yake ni ile mipira ya tenisi. Mashabiki hao walikuwa na uzoefu. Tangu mwaka 2010 walikuwa wameanzisha mgomo wa kukataa kulipa zaidi ya Yuro 20 kwa nafasi ya kusimama, na kauli yao ilikuwa kwamba mpira lazima uwe ni kitu ambacho mtu anaweza kukilipia.

Siwasifu kwa kurusha vitu uwanjani, na wanafunzi mlioko hapa msinielewe vibaya. Mwalimu wa zamu ananitazama. Ninachotaka mkione ni jinsi walivyojipanga, wakasema neno moja, na neno hilo likasikika. Mwezi Machi mwaka ule ule klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana kwamba shabiki wa timu ngeni asitozwe zaidi ya Pauni 30. Ukomo huo uliwekwa kwa misimu mitatu, kisha ukaongezewa muda.

Tusidhani haya ni ya Wazungu. Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2019 lilichezwa Misri, na sisi Watanzania tulikuwako kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Bei zilipotangazwa, Wamisri walilalamika hadi tiketi ya chini ya michezo ya timu yao ikashushwa kutoka pauni 200 za kwao hadi 150. Na lile Kombe la Dunia la mwaka 2026, katika maombi ya uenyeji ya Marekani, Kanada na Meksiko iliandikwa kwamba tiketi za chini zingekuwa Dola 21. Desemba 2025 mashabiki walipopata orodha ya bei za tiketi za vyama vyao, waliona fainali inaanzia Dola 4,185. Baada ya kelele nyingi FIFA ilitenga tiketi chache za Dola 60 kwa kila mchezo. Nasema chache, kwa kuwa shabiki mmoja anapopata, wengi wenzake wanabaki wakihesabu vidole.

Sasa nirudi nyumbani, nami nianze na nafsi yangu.

Ninyi mnajua kazi yangu. Mtumishi wa serikali wa cheo changu hupata, mara moja moja, kadi ya mwaliko. Miaka michache iliyopita nilipewa kadi ya jukwaa kuu katika mchezo mmoja wa kombe. Kiingilio kilikuwa kimepandishwa kwa mchezo ule, na waandaaji hawakutoa sababu. Nilifika nimechelewa, nimevaa suti, natembea haraka. Karibu na geti kijana wa umri wa kidato cha pili alinijia akasema, "Shikamoo mzee. Nishike mkono."

Nilimwambia mlango wa siku hizi ni wa mashine. Kadi moja, mtu mmoja. Nilimwambia kweli. Lakini sikusimama. Ningeweza kumnunulia tiketi ya mzunguko, maana fedha nilikuwa nayo. Niliingia, nikakaa, nikapewa maji ya chupa. Kulia kwangu viti vinne vilikuwa vitupu. Upande wa pili wa uwanja, katika viti vilivyopandishwa bei, palikuwa na mapengo makubwa kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi nilikuwa nikimjua, maana nilikuwa yeye, na hata hivyo nilimpita. Hilo ndilo lililonisumbua usiku ule, na ndilo lililonifanya nikubali kuzungumza leo.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafikia ajenda namba 6. Kamati imependekeza kwamba mchezo wetu wa kombe wa kila mwaka, kati ya wahitimu na wanafunzi, ambao miaka yote umekuwa bure, utozwe kiingilio cha shilingi 5,000 kwa kila mtu atokaye nje, na kamba izungushwe uwanjani. Fedha zitakwenda kwenye paa la maktaba. Nia ni njema, na Mweka Hazina wetu ni mtu mwangalifu. Nimemwomba makisio yake, akanipa bila kinyongo, nami nimekaa nayo kama nilivyozoea kukaa na makisio ofisini.

Kwa kawaida wanakijiji wapatao 1,200 huja kutazama. Mweka Hazina anakisia kwamba kwa shilingi 5,000 watakuja 150, na mapato yatakuwa shilingi 750,000. Mimi nikauliza: tukitoza shilingi 500 na wote wakaja? Jibu ni shilingi 600,000. Sitaficha kitu. Hesabu inampa yeye ushindi kwa shilingi 150,000, tena yeye atahitaji walinzi wa kamba, na mimi nimechukulia kwamba wote watakuja. Mwenye bei kubwa mara nyingi hushinda kwenye karatasi ya siku moja. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba bei ya juu daima huleta hasara wasitudanganye. Hoja yangu iko kwingine.

Kwa shilingi 150,000 tunakuwa tumewauza watu 1,050. Gawanyeni wenyewe, wanafunzi, mna hesabu nzuri kuliko mimi: haifiki shilingi 143 kwa kichwa. Ndiyo bei tutakayokuwa tumemwekea mama aliyetuuzia mihogo kwa mkopo. Ndiyo bei ya vijana waliobeba ndoo wiki nzima pampu yetu ilipoharibika. Ndiyo bei ya fundi baiskeli. Bado yu hai, amezeeka, na tangu nilipokuwa hapa hajakosa mchezo huu hata mmoja. Kesho kutwa akifika kwenye kamba, nani kati yetu atamwambia, "Mzee, shilingi elfu tano"? Mimi siwezi. Nami naamini hata Mweka Hazina hawezi, kwa kuwa naye aliazima pampu.

Uwanja ukiwa na watu 150, je, wachezaji watacheza vile vile? Kelele za watu ni sehemu ya mchezo. Anayemzuia mshangiliaji mlangoni anapunguza hata kile anachokiuza ndani. Na mtoto wa kijiji anayekua bila kuingia uwanjani kwetu hataona sababu ya kuilinda miti ya shule hii atakapokuwa mtu mzima.

Paa la maktaba bado linavuja, na maneno hayazibi paa. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kiingilio kiwe shilingi 500 kwa mtu mzima, na mtoto aliyeshikwa mkono apite bure, awe amezaliwa na yule aliyemshika au la. Pili, viti vya kivulini vilivyotengwa kwa wageni waalikwa vilipiwe. Tupo wahitimu 80 tuliojiandikisha. Kila mmoja akilipa shilingi 20,000 kwa kiti chake, tunapata shilingi 1,600,000, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya makisio ya kamati. Tatu, pasiwe na kadi ya bure kwa mtu yeyote mwenye mshahara, nikiwamo mimi. Bahasha yangu ninayo hapa, nitamkabidhi Mweka Hazina nikimaliza.

Wadogo zangu wanafunzi, neno la mwisho ni lenu. Septemba 2023 CAF iliikabidhi Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Wako watakaokaa mezani kupanga bei ya michezo kama hiyo, na siku moja baadhi yenu mtakuwa mezani hapo. Mtaletewa karatasi yenye tarakimu, na tarakimu ya juu itapendeza macho. Siku hiyo mkumbuke kwamba kuna mtoto amesimama kando ya ukuta na nauli ya kwenda tu. Msimlilie. Mhesabuni. Mwekeni kwenye jedwali kama mnavyomweka mfadhili, kisha mpange bei.

Nami nina deni. Yule kijana wa getini simjui jina, na sidhani nitamwona tena. Deni lake nitalilipa kesho kutwa kwa watoto wa hapa. Nitasimama kwenye mlango wa uwanja kuanzia saa tisa alasiri, na mikono yangu yote miwili itakuwa wazi.