Kabla Hujalipia Sarafu ya Tembo

Msikilizaji, leo tuko kwenye mpaka wa Rwanda na Kongo, Grande Barrière, Gisenyi, hatua chache kutoka Goma. Hapa faranga za nchi mbili hubadilishwa kutwa, na mkusanyaji mpya anaweza kuonyeshwa sarafu ya enzi ya Wabelgiji akaambiwa: "Hii ni ya kale, ndiyo maana ni ghali."

Ukale peke yake haupandishi bei. Sarafu za heller 1 za Wajerumani, zilizotolewa kati ya 1904 na 1913, zimepita miaka mia moja, lakini zilitengenezwa kwa mamilioni na bado zinapatikana kwa bei nafuu.

Chukua faranga 50 ya Kongo ya Ubelgiji ya 1944, yenye tembo. Ina gramu 17.5, na nusu yake ni madini ya fedha: gramu 8.75. Zidisha kwa bei ya leo ya gramu moja ya fedha, upate kima cha chini. Nyongeza itokane na hali yake. Itazame kwenye jua: masikio ya tembo yamelika? Maandishi yamefifia? Kama imesuguliwa ikang'aa, thamani imeshuka. Usiulipie mng'ao huo. Omba ipimwe kwenye mizani ya sonara. Sumaku ikiivuta, irudishe.

Ukitafuta bei za kulinganisha, chukua zile zilizolipwa kweli mnadani, si zinazotajwa na wauzaji. Na ile sarafu ya Wajerumani ya rupia 15, ya dhahabu, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916? Hiyo huigwa sana. Usiinunue barabarani.