Tukibadilisha Linux, Hesabu za Kikundi Zisipotee

(Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tuzungumze juu ya kompyuta ya kikundi. Kompyuta kuukuu mara nyingi huwekewa Linux kwa sababu haina malipo. Wengine mnatumia Ubuntu. Matoleo yake ya muda mrefu hupata utunzaji wa kawaida wa miaka 5. Lile la 2020 utunzaji huo uliisha 2025, kwa hivyo ni vyema kuhama.

Sasa, fundi akija kuweka toleo jipya, mara nyingi hufuta diski yote. Je, rejista na hesabu za akiba na mikopo zitakuwa wapi? Zikipotea, mwenye deni atasema alilipa zamani, na mwenye akiba hana pa kuonyesha. Hapo kikundi huvunjika.

Jueni kwamba mali yenu hukaa katika folda iitwayo Home. Ndani yake mna vitu vya aina mbili. Kwanza, mafaili yenu: barua, hesabu, picha. Haya ni kama magunia ya mahindi. Ukihama nyumba, unayabeba. Pili, kuna yaliyofichwa, ambayo majina yake huanza na nukta. Bonyeza Ctrl na H, utayaona. Mengi yao ni mipangilio ya programu. Haya ni kama milango: ilipimwa kwa nyumba ya zamani, na katika nyumba mpya huenda isifunge.

Lakini angalieni! Barua za Thunderbird na kurasa mlizohifadhi katika Firefox pia zimo mle mafichoni. Basi fanyeni hivi:

1. Nakilini Home yote, pamoja na yaliyofichwa, kwenye flashi mbili. Moja akae nayo katibu, nyingine mweka hazina.

2. Kabla ya kufuta chochote, fungueni flashi hizo kwenye kompyuta nyingine. Someni hesabu hadi mstari wa mwisho.

3. Kwenye toleo jipya rudisheni mafaili yenu kwanza. Yaliyofichwa msiyamwage yote kwa pamoja; rudisheni lile linalohitajika tu, moja moja.

4. Msirudi nyuma. Tangu 2019 Firefox ya zamani hukataa kumbukumbu zilizokwisha kutumiwa na Firefox mpya zaidi.

Hesabu na barua za LibreOffice zihifadhiwe kwa mtindo wa ODS na ODT. Mitindo hii ilikubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa mwaka 2006, na programu nyingi huisoma.

Na fundi akiwaambia, "Hakuna shida, nitafuta tu haraka," mwambieni angoje. Kazi yake ni ya saa moja. Hesabu zenu ni jasho la miaka.