Mtoto Anacheua, Analia Usiku: Usikimbilie Kimeo

Mazungumzo na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne



Naona wengine mmeshaanza kucheka. "Dada, sisi na watoto wachanga wapi na wapi?" Na kaka zangu pale nyuma ndio mnaongoza. Haya, hebu nikuulize. Nyumbani kwenu hakuna mdogo wako wa miezi miwili? Dada yako hajajifungua? Mama akienda sokoni, mtoto anaachiwa nani? Si wewe? Tena inawezekana katika darasa lako yupo mwenzetu ambaye akitoka shule jioni anamkuta mwanawe anamsubiri anyonye. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi darasani. Wenzetu hao wapo, na wana haki ya kusikia habari hizi bila kunyooshewa kidole.

Sasa sikiliza. Mtoto ananyonya vizuri, halafu maziwa yanarudi yanakumwagikia begani. Anajinyonganyonga, anakunja miguu, anajamba, analia. Saa moja jioni ndiyo anaanza, mpaka saa nne usiku. Nyumba nzima haina amani. Bibi anasema ni mchango. Jirani anasema ni zongo, kuna mtu kamtazama kwa jicho baya. Mwingine anasema mtoto ana kimeo, kikatwe. Na wewe asubuhi una mtihani wa hesabu.

Kabla hujamsikiliza yeyote kati ya hao, elewa kwanza mwili wa mtoto unavyofanya kazi. Chakula tukimeza kinapita kwenye umio mpaka tumboni. Pale umio unapoungana na tumbo kuna msuli wa mviringo unaobana kama kamba ya kufungia mdomo wa mfuko. Kwangu na kwako msuli huo umekaza. Kwa mtoto mchanga bado haujakomaa, unafunguka hovyo. Ongeza na hili: tumbo lake ni dogo, chakula chake ni cha majimaji, na muda mwingi amelala. Chukua chupa ya maji isiyofungwa vizuri, ilaze, uone kitakachotokea. Huko ndiko kucheua. Mtoto anayecheua huku ananyonya vizuri na uzito unaongezeka hana ugonjwa. Kwa kawaida kucheua huanza kabla ya wiki ya 8, huzidi anapofikia mwezi wa 4 hivi, kisha hupungua anapojifunza kukaa. Watoto 9 kati ya 10 wanakuwa wameacha kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

"Lakini Dada, huyu anatapika maziwa yote aliyonyonya!" Nasikia hilo kila ninapokwenda. Jaribu hivi: mwaga kijiko kimoja tu cha maziwa juu ya kanga. Utashangaa doa lilivyo kubwa.

Tuje kwenye gesi. Gesi nyingi ya juu ni hewa aliyoimeza. Anaimeza akishika chuchu peke yake bila ile sehemu nyeusi inayoizunguka. Anaimeza akinyonya kwa pupa. Na anaimeza zaidi anapolia. Hapo ndipo watu wengi tunageuza mambo: tunadhani analia kwa sababu ana gesi, kumbe mara nyingi ana gesi kwa sababu amelia sana. Watoto wachanga dunia nzima hulia zaidi kuelekea wiki ya 6, na hasa jioni. Mwaka 1954 daktari wa Marekani, Morris Wessel, alieleza watoto wa namna hiyo: wanakula na kukua vizuri, lakini wanalia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Wengi wao huacha wenyewe wakifika miezi mitatu au minne.

Kwa hiyo kazi yako ni kumpunguzia adha mpaka muda huo upite.

Nianze na mama mwanafunzi, kwa sababu yeye ana tatizo ambalo wengine hawalijui. Umekaa darasani tangu asubuhi, matiti yamejaa mpaka yanauma. Unafika nyumbani, mtoto ana njaa, unamweka titini. Maziwa yanatoka kwa kasi kama bomba. Mtoto anapaliwa, anagugumia, anameza hewa, na baada ya dakika kumi yote yanarudi. Si kwamba maziwa yako ni mabaya, na asikudanganye mtu kwamba yamechacha kwa sababu ulikaa nayo juani. Maziwa hayachachi ndani ya titi. Kabla ya kumnyonyesha, nawa mikono, kamua kidogo kwenye kikombe safi mpaka ile kasi ipungue. Kisha egemea nyuma, mtoto awe juu yako kifuani, kichwa chake kimeinuka kuliko tumbo. Hakikisha amefungua mdomo wazi na amechukua sehemu kubwa ya titi. Hapo atanyonya taratibu. Na yale ya mchana, unapokuwa shule, anywe kwa kikombe kidogo safi. Chupa na chuchu za plastiki ni ngumu kusafisha, na kuhara ni jambo baya kuliko kucheua.

Akimaliza kunyonya, mshike wima begani kwako kwa dakika 20 au 30. Usimrushe, usimfunge nguo za kubana tumbo. Kaka zangu, hapa ndipo mnapoingia! Mama amechoka, amenyonyesha, sasa ana sufuria jikoni. Kumshika mtoto wima huku unasoma jiografia hakuhitaji kuwa mwanamke. Mguse mgongo polepole. Akibeua, au kuteuka kama wengine wanavyosema, sawa. Asipobeua, pia sawa. Utafiti mmoja uliofanyika Chandigarh, India, na kuchapishwa mwaka 2015, ulifuatilia akina mama 71 na watoto wao. Watoto waliobeulishwa hawakulia kidogo kuliko wenzao, na walicheua zaidi. Basi kama amelala kwa amani usimwamshe eti umpigepige mgongo.

Gesi ya chini nayo ina mambo yake. Mlaze chali, shika miguu yake, izungushe taratibu kama anaendesha baiskeli. Mpapase tumbo kwa mkono wenye joto. Mbebe kifuani, tembea naye uani, mwimbie.

Sasa yale ya hatari, na hapa naomba uache kupiga soga na jirani yako.

La kwanza ni kumpa vitu. Maji ya uvuguvugu, maji ya sukari, uji mwepesi "ili kizito kikae tumboni", mizizi iliyochemshwa. Kabla ya miezi sita mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake, labda na dawa aliyoandikiwa na mtaalamu. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa hayo ni maji, kwa hiyo kiu inakwisha humo humo. Mitishamba haina kipimo. Ini na figo za mtoto wa kilo nne si kama zako. Na ile Gripe Water inayouzwa madukani? Ilianzishwa na mfamasia William Woodward huko Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, na kwa miaka mingi ilikuwa na pombe ndani yake. Ndiyo, pombe! Siku hizi kuna zisizo na pombe, lakini bado hakuna ushahidi kwamba zinaponyesha.

La pili ni kumlaza kifudifudi. Kweli, wengine hunyamaza wakilazwa hivyo, lakini hatari ya kufa ghafla usingizini inakuwa kubwa zaidi. Uingereza walipoanza kuwahimiza wazazi mwaka 1991 wawalaze watoto chali, vifo hivyo vilishuka kwa zaidi ya nusu. Unaogopa atapaliwa na maziwa? Akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa yanayorudi hayapandi kirahisi kuingia kwenye hewa.

La tatu ni kimeo. Nenda mbele ya kioo, fungua mdomo, utakiona kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Unacho wewe, ninacho mimi, anacho mwalimu mkuu. Hakina uhusiano wowote na tumbo. Kikikatwa kwa wembe au kisu mtaani, mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata usaha kooni, kupata pepopunda, hata kufa. Ndivyo ilivyo pia kwa yale yanayoitwa meno ya plastiki. Hakuna meno ya namna hiyo! Kinachochokonolewa pale ni vijusi vya meno ya kweli, ambayo bado hayajaota.

"Lakini mtoto wa jirani alikatwa na akapona." Hebu piga hesabu. Alipelekwa akiwa na wiki ngapi? Nane, tisa? Akanyamaza akiwa na miezi mitatu. Si ndio muda ule ule ambao angenyamaza hata asingeguswa? Ungemwimbia wimbo wa Taifa kila jioni, angepona vile vile, na wimbo wa Taifa ungesifiwa mtaa mzima.

Na la nne halisemwi sana, kwa sababu ni aibu. Usiku wa manane mtu amechoka, mtoto halali, hasira inapanda, anamshika na kumtikisa. Mara moja tu inatosha. Shingo ya mtoto haijakaza, ubongo wake ni laini, na mishipa midogo ya damu kichwani inakatika. Anaweza kupofuka, kulemaa au kufa. Ukiona hasira inakujia, mlaze chali mahali salama, funga mlango, toka nje, nawa uso, vuta pumzi. Akilia dakika tano au kumi peke yake hatadhurika. Kisha mwamshe mtu akusaidie. Hata kama ni bibi aliyesema ni mchango, mwamshe.

Kuhusu bibi, usibishane naye. Yeye amelea, na mengi anayajua: kubeba, kuimba, kukanda kwa upole, hayo mwachie afanye. Mwambie hivi: "Bibi, shikamoo. Naomba kabla hatujampa kitu chochote twende kwanza kliniki." Mara nyingi mtu mzima hukubali akiombwa kwa heshima, kuliko akiambiwa hajui.

Maana zipo siku ambazo si kucheua wala gesi, na hizo hazisubiri asubuhi. Matapishi ya rangi ya kijani, au yenye damu: hospitali, usiku huo huo. Maziwa yanayoruka kwa nguvu mpaka mbali kila anaponyonya, hasa mtoto akiwa na wiki 3 hadi 6: huenda njia ya kutokea tumboni imeziba, na hilo huwapata zaidi wavulana. Tumbo lililovimba na kukaza, damu kwenye choo, utosi uliovimba au uliobonyea, degedege, mwili wa moto, mtoto aliyelegea na kukataa kunyonya, kupumua kwa shida, saa nyingi bila kukojoa. Kwa mtoto chini ya miezi mitatu joto la nyuzi 38 peke yake linatosha kukupeleka hospitali. Na kama hana lolote kati ya hayo lakini uzito hauongezeki, kadi yake ya kliniki itakuonyesha. Usisubiri tarehe ya mwezi ujao.

Ukifika, muuguzi atakuuliza. Uwe na majibu: alianza lini, anacheua baada ya muda gani, rangi ya matapishi, amekojoa mara ngapi tangu jana, ana choo cha namna gani. Na kama kuna mtu alishamnywesha dawa ya mizizi, sema. Hata kama aliyempa amesimama pembeni yako.