Namba ya OB Iko Wapi?



Haya ni maneno niliyowaambia vijana hapa Kericho mjini Jumamosi baada ya swala ya Alasiri. Wengi wenu wa Bomet, Litein na Londiani hamkufika, mvua ilikuwa ya kufunga barabara, kwa hiyo nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema. Soma polepole. Ni mambo ya karatasi, lakini karatasi hizi zinaweza kukulaza ndani.

Nianze na swali. Ndugu yako akishikwa leo jioni hapo stendi, utamtafuta wapi?

Utaenda kituo cha karibu. Afisa wa zamu atafungua kile kitabu kikubwa, apitishe kidole mstari kwa mstari, akuambie hayupo. Utapanda boda mpaka kituo cha pili, kidole kingine, kitabu kingine, hayupo. Kitabu hicho ndicho tunaita OB, kitabu cha matukio. Kila jambo linaloletwa pale mezani hupewa namba na tarehe, kesho hesabu inaanza upya. Mkoloni alituachia hivyo na mpaka leo vituo vingi viko hivyo. Ubaya wake ni kwamba OB ya kituo kimoja haijui OB ya kituo cha pili imeandika nini. Na hata ndani ya kituo kimoja, kuna kitabu cha matukio, kuna rejista ya seli, kuna rejista ya vielelezo, kuna jalada la mpelelezi, na kila moja iko na mtu wake na kabati lake.

Sasa nawaambia ya kwetu. Mtoto wa baba yangu mdogo ni mwendeshaji boda. Alishikwa Ijumaa mchana katika msako, katika kaunti mojawapo ya hizi zetu mbili. Kituo sitakitaja, si nia yangu leo. Baba mdogo alizunguka vituo vitatu usiku ule na Jumamosi yote. Cha kwanza waliangalia kitabu, wakasema hayupo. Kumbe alikuwa pale pale kwenye seli, mita chache kutoka meza ile. Hakuwa ameandikwa. Aliandikwa Jumapili asubuhi, tena jina likaandikwa Abdul, na yeye ni Abdirahman. Jumatatu akafikishwa kortini, na hati ya mashtaka inasema alishikwa Jumapili.

Umeiona? Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema mtu aliyeshikwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24, na zikiisha wakati korti imefungwa basi siku ya kwanza ya korti inayofuata. Lakini hizo saa zinahesabiwa kutoka wapi? Kwa vitendo, zinahesabiwa kutoka pale kalamu ilipogusa kitabu. Aliyeshika kalamu ameshika na saa. Ijumaa na Jumamosi za yule kijana hazipo mahali popote. Hakimu hakuziona. Mimi nazijua kwa sababu nilikuwa na baba mdogo kwenye pikipiki.

Wengine watasema hilo ni kosa la uandishi tu. Basi tukumbuke ya Juni 2016. Wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitoka mahakama ya Mavoko wakatekwa, wakafungiwa katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau. Mwenda alikuwa amemshtaki afisa aliyempiga risasi. Kilichotoka kwenye ile seli kusema wako hapo hakikuwa kitabu cha polisi. Kilikuwa kipande cha karatasi ya choo, wakili mwenyewe ameandika ombi la msaada, akakitupa nje. Miili ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu wanne, watatu kati yao polisi, na Februari 2023 mmoja akahukumiwa kifo. Ilichukua miaka sita na zaidi. Mtu anayefungiwa bila kuandikwa mahali ambapo wengine wanaona, huyo yuko mikononi mwa yeyote aliye na ufunguo.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inataka rekodi ya kila anayezuiliwa. Sheria si shida. Shida ni rekodi kukaa mahali pamoja, kwa mtu mmoja, bila mwingine kuiona.

Sasa geuza upande wa pili, maana mimi si mtu wa kusema polisi ni wabaya halafu nikae chini. Hata polisi mwenye nia njema anaumia na kitabu hiki. Chukua Sondu. Soko ni moja, lakini upande mmoja ni Kisumu na upande mwingine ni Kericho. Kwa polisi, Kisumu iko chini ya mkoa wa Nyanza na Kericho chini ya Bonde la Ufa, makamanda wawili tofauti. Au Chepilat, pale Sotik inapokutana na Borabu, Bomet na Nyamira. Ng'ombe akiibwa upande huu usiku, asubuhi ameshavuka. Mwenye ng'ombe anaandikisha OB upande wake, na afisa wa upande ule, mita mia tano mbele, hana habari. Akimshika mtu na ng'ombe barabarani, anauliza barua ya chifu, anapewa barua, anamwachilia. Hajui kwamba kuna mzee analia ng'ambo. Na sisi tunaokaa mpakani tunajua kinachofuata. Vijana wanaamua kufuata wenyewe, na upande ule nao wanatoka. Wizi wa ng'ombe wawili unageuka vita vya makabila mawili.

Pikipiki nayo, hadithi ni ile ile. Namba ya chesisi iko kwenye OB ya Kapsoit, pikipiki inauzwa vipuri Bomet. Kama ile namba ingekuwa kwenye mfumo mmoja, afisa wa Bomet angeiandika tu na jibu lije. Na mpelelezi akihamishwa, na nyinyi mnajua wanavyohamishwa, jalada lisingelala kabatini hadi mlalamishi achoke. Kamanda angeona kesi ngapi zimekaa miezi bila kuguswa, na ziko mezani kwa nani. Dada anayeripoti msimamizi wake huko shambani, na baada ya yale BBC iliyoonyesha Februari 2023 kuhusu mashamba ya chai ya Kericho hakuna wa kusema hayapo, angejua fomu yake ya P3 imefika wapi. Na kama mwanamume huyo huyo ameripotiwa na wanawake watatu katika vituo vitatu, mtu angeunganisha.

Hili la kuunganisha Waingereza walijifunza kwa machungu. Agosti 2002, katika mji mdogo wa Soham, wasichana wawili wa miaka 10, Holly Wells na Jessica Chapman, waliuawa na Ian Huntley, mtunzaji wa shule. Baadaye ikajulikana kwamba polisi wa Humberside, alikokuwa akiishi kabla, walikuwa wamepokea tuhuma kadhaa juu yake miaka ya tisini. Polisi wa Cambridgeshire, waliochunguza jina lake alipoajiriwa, hawakuzipata. Tume ya Bichard ilitoa ripoti mwaka 2004, na kutokana nayo wakajenga hifadhi moja ya taarifa za polisi kwa nchi nzima. Sisi je? Tume zetu hazihesabiki, na OB bado ni ya karatasi mahali pengi. OB ya kidijitali tumeisikia ikitangazwa na mawaziri tofauti kwa miaka. Mahakama nazo zimesambaza mfumo wa kufungua kesi kwa mtandao, kwa hiyo hati inaweza kuingia kortini kwa kompyuta huku kitabu ilikotoka bado kinaandikwa kwa kalamu ya shilingi ishirini.

Najua mnachotaka kuuliza, kwa sababu dada mmoja aliniuliza Jumamosi kabla sijamaliza. "Wewe unataka serikali ituunganishe sote kwenye kompyuta moja? Sisi? Waislamu?" Swali zuri, na sitalikwepa.

Mfumo wa kwanza wa kumbukumbu zilizounganishwa katika nchi hii ulikuwa kipande. Sheria yake ni ya 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, vyote ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Mashamba makubwa ya chai yalipoanza hapa kwetu katikati ya miaka ya 1920, kipande kilikuwa tayari. Mfanyakazi akitoroka kazi, alama zake zilikuwa Nairobi na angetafutwa. Ulifanya kazi vizuri sana, ule mfumo! Lakini haukujengwa kumtafuta aliyeiba mbuzi wa babu yako. Ulijengwa kumtafuta babu yako.

Kwa hiyo ni haki kuogopa. Ndiyo maana Nubian Rights Forum na wenzao walienda kortini Huduma Namba ilipokuja, na Januari 30, 2020 Mahakama Kuu ikasema DNA na mahali mtu anapoishi kwa setilaiti visikusanywe, na mfumo usiendelee bila kanuni kamili za kuulinda. Mwaka uliofuata, Oktoba, korti ikasimamisha tena kadi zake kwa kukosa tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hawakusema kompyuta ni haramu. Walisema, nani anaona, nani anabadilisha, na mimi nitajuaje?

Na kwetu kuna jambo dogo la majina. Mohamed, Mohammed, Muhammad, Mahamud. Hassan Ali wako wangapi kutoka hapa mpaka Garissa? Mfumo unaotafuta kwa jina peke yake utamshika Hassan asiye na hatia kwa kosa la Hassan mwingine, tena utamshika kila kituo nchini badala ya kimoja. Hapa lazima pawe na namba ya kitambulisho, na wewe uweze kuona kilichoandikwa juu yako na kudai kirekebishwe. Haki hiyo iko kwenye sheria ile ile ya 2019. Wachache sana tumeitumia.

Turudi kwa binamu yangu, maana hakijaisha. Kesi yake iliondolewa kortini, shahidi hakuja hata mara moja. Tukasema alhamdulillah. Miaka miwili baadaye anapata kazi Qatar, anaomba cheti cha maadili mema, alama za vidole zinaonyesha ana kesi. Korti ilishasema kesi haipo, lakini aliyekuwa na habari ya kuondolewa hakumwambia aliyekuwa na alama za vidole. Ilibidi atafute nakala ya uamuzi, asafirishe karatasi mwenyewe kutoka ofisi moja ya serikali hadi nyingine, yeye ndiye akawa ule mfumo wa kuunganisha. Alipopata cheti, nafasi ilikuwa imekwenda kwa mtu mwingine. Leo bado yuko kwenye boda.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Nataka rekodi ziunganishwe, lakini si rekodi yoyote tu. Nataka saa ya kukamatwa iingie yenyewe na isifutike, na ikibadilishwa ibaki alama ya nani alibadilisha. Nataka korti, na IPOA ambayo ndiyo mamlaka huru ya kuchunguza polisi, waione bila kuomba ruhusa kwa OCS. Maana mashine peke yake hailindi mtu. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu, alishikwa Homa Bay Jumamosi, akasafirishwa mpaka kituo cha Central Nairobi, Jumapili amekufa. Polisi walisema alijigonga ukutani. Upasuaji ukaonyesha majeraha ambayo mtu hajifanyii. Kituo kile kilikuwa na kamera, na IPOA iliambia Seneti kwamba kamera zilichezewa. Watu sita walishtakiwa kwa mauaji, wakakana. Teknolojia ilikuwepo, lakini waliokuwa wakichunguzwa ndio waliokuwa na waya zake.

Wakati tunangoja hayo, haya unaweza kuyafanya kesho. Ukiripoti kitu chochote, hata simu iliyopotea, usiondoke bila namba ya OB. Iandike wewe mwenyewe, na saa, na jina au namba ya afisa. Mtu wenu akishikwa, anayeshuhudia aandike saa pale pale na aitume kwa watu watatu kwa ujumbe wa simu, maana ujumbe wa simu una saa ambayo hakuna afisa wa kuibadilisha. Kituoni ongea kwa heshima, "afande, naomba uangalie pia rejista ya seli," na utaje jina kamili na namba ya kitambulisho, umwonyeshe lilivyoandikwa. Wakikataa kabisa, IPOA iko na namba ya bure, 1559.

Na aliyewahi kuwa na kesi ikaisha, nenda kortini uchukue nakala ya uamuzi wiki hii, kabla hujahitaji cheti. Mnaotaka kuandamana pamoja, tunaenda Jumanne saa tatu asubuhi, tukutane langoni mwa korti ya Kericho. Njoo na kitambulisho na namba ya kesi. Kama namba umeisahau njoo na tarehe, karani atatafuta kwenye kitabu.

Wassalaam.