Kazi ya Intaneti Huanzia Stoo: Jinsi Vifaa vya Faiba Vinavyosajiliwa Kabla ya Kufika Zahanati

Maelezo kwa kikao cha wasimamizi wa wadi, wauguzi wasimamizi wa zahanati, walimu wa vyuo vya ufundi na wazee wa vijiji kuhusu uunganishaji wa vituo vya umma



Katika mabaraza mengi swali la wananchi kuhusu intaneti huwa ni lilelile. Kebo imepita kando ya barabara, fundi alikuja na ngazi, kisanduku chenye taa kimetundikwa ukutani pale zahanati, mbona mtandao haupo? Mara nyingi jibu wanalopewa ni kwamba "mtandao uko chini". Jibu hilo halimsaidii mtu. Mtandao unaweza kuwa mzima kabisa, na kisanduku kikawa kizima pia, lakini viwili hivyo havijatambulishwa.

Jambo hili si la starehe. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, mwanachama anathibitishwa kwa mfumo wa kidijitali na madai ya malipo ya kituo yanapitia humo humo. Mtandao ukikosekana, mgonjwa hukaa kwenye benchi huku muuguzi akitoka nje kutafuta mawimbi kwa simu yake, na bando analinunua yeye. Dai lisilotumwa ni pesa ambazo zahanati haitazipata kwa wakati, na pesa hizo ndizo za kununulia glavu na dawa.

Kenya ilipata kebo za baharini za TEAMS na SEACOM mwaka 2009, zote zikifikia nchi kavu Mombasa. Serikali ya kitaifa nayo ikajenga uti wa mgongo wa faiba, NOFBI, hadi kwenye makao makuu ya kaunti. Kipande kilichobaki, kutoka mji mkuu wa kaunti hadi mlango wa zahanati, ndicho kigumu zaidi, na ndicho kinachozungumziwa hapa.

Kwanza mwananchi ajue kinachoendelea ndani ya kebo. Mfumo unaotumika sana kwa kazi hii mafundi huuita GPON. Katika jengo moja, mara nyingi mjini, hukaa kifaa kikuu kinachotuma mwanga. Uzi mmoja wa faiba hutoka hapo, hufika kwenye kisanduku kidogo cha kugawa mwanga, kisha huwa nyuzi 32 au 64, kila mmoja ukielekea kituo chake. Kile kigawa mwanga hakihitaji stima. Kati ya kifaa kikuu na zahanati panaweza kuwa na kilomita 20 bila plagi hata moja njiani, na hiyo ni faida kubwa mashambani. Uzi huo hubeba takriban megabiti 2,488 kwa sekunde kwenda kwa watumiaji na nusu ya hizo kurudi. Vituo 32 vikitumia vyote kwa pamoja, kila kimoja kinabaki na karibu megabiti 77 za kupokea. Kwa zahanati hiyo ni kasi ya kutosha na kusaza.

Lakini angalieni jambo moja. Mwanga ule ule unafika kwa wote 32. Kifaa kikuu ni lazima kijue nani ni nani, la sivyo data ya zahanati ingeweza kuchukuliwa na kisanduku chochote kilichounganishwa kwenye nyuzi hizo. Kwa hiyo kila kisanduku cha mteja hutoka kiwandani na nambari tambulishi yake, yenye herufi na tarakimu 12: nne za kwanza zinamtaja mtengenezaji, nane zinazofuata ni za kisanduku hicho peke yake. Nambari hiyo huandikwa kwenye kibandiko chini ya kisanduku na mara nyingi kwenye katoni.

Hapa ndipo usajili wa awali unapoingia. Kabla katoni haijapakiwa kwenye gari, karani wa mtandao anakaa mbele ya programu ya usimamizi na kuandika: kisanduku chenye nambari hii kitakwenda zahanati fulani, wadi fulani, kitapitia tundu hili la kifaa kikuu, kitapewa kasi hii, na kitatumia nenosiri hili la waifai badala ya lile la kiwandani. Anaandika pia kwamba data ya rekodi za wagonjwa itapita njia yake, na waifai ya wageni wanaosubiri kwenye benchi itapita njia nyingine, ingawa zote mbili ziko ndani ya uzi mmoja. Kisanduku bado kiko stoo, hakijawashwa, lakini ndani ya programu nafasi yake iko tayari.

Siku fundi anapofika, kazi yake ni ya mikono. Anavuta uzi, anauunga, anapima mwanga, anachomeka stima. Kisanduku kikipata mwanga, kifaa kikuu huuliza: wewe ni nani? Kisanduku hutaja nambari yake. Nambari ikiwa kwenye orodha, maagizo yote yaliyoandikwa hushuka yenyewe na taa ya kijani hutulia. Hakuna haja ya fundi kufungua kompyuta wala kupiga simu ofisini akiwa juu ya ngazi. Nambari isipokuwa kwenye orodha, kisanduku huwekwa miongoni mwa vifaa visivyojulikana, na hapo kitakaa bila huduma hata mwezi mzima, taa zake zikimetameta.

Ukweli ni kwamba miradi mingi hukwama kwenye orodha, si kwenye kebo. Fikiria gari lililobeba katoni 10 za zahanati 10. Katika kituo cha tatu, katoni inaonekana imelowa maji, fundi anachukua ya kituo cha nne ili kazi isikwame. Nia yake ni njema. Sasa kisanduku kilichosajiliwa kwa kituo cha nne kiko cha tatu. Kikiwa kwenye tundu tofauti na lililoandikwa, kinakataliwa. Kikiwa kwenye tundu lilelile, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kitawaka vizuri huku programu ikiamini kwamba kiko mahali pengine. Miezi sita baadaye panatokea hitilafu, na fundi anatumwa kilomita 15 upande usio wake.

Kuna dawa ya tatizo hili. Badala ya kusajili kisanduku, ofisi inaweza kusajili mahali. Kila kituo hupewa msimbo wake, na fundi akifika huuandika ndani ya kisanduku chochote alichotoa kwenye gari. Kifaa kikuu husoma msimbo, hutambua kituo, kisha hujiandikia chenyewe nambari ya kisanduku kilichotumika. Njia hii inafaa zaidi kwa kaunti yenye barabara mbovu na stoo moja. Inahitaji tu fundi asiyekosea kuandika, na msimbo ambao haujabandikwa ukutani kila mtu ausome.

Njia ya tatu, ya kuruhusu kisanduku chochote kinachochomekwa kipate huduma papo hapo, ipo katika programu nyingi na mkandarasi mwenye haraka huipenda. Kwa vituo vya umma haifai. Yeyote mwenye kisanduku cha aina hiyo na uzi uliokatwa angeingia.

Programu hiyohiyo ina kazi nyingine ambayo wananchi hawaioni. Visanduku vingi, vikikatiwa stima, hutumia chembe ya nguvu iliyobaki ndani yake kutuma ujumbe mmoja kabla ya kuzima. Mafundi huuita pumzi ya mwisho. Ujumbe huo ukifika, ofisini wanajua kwamba stima imekatika pale zahanati na kebo haina neno. Kituo kikinyamaza bila pumzi ya mwisho, uzi ndio unaoshukiwa. Vituo 20 vya kigawa mwanga kimoja vikinyamaza kwa mpigo, basi trekta au mtaro wa barabara umepita juu ya kebo. Hivyo anatumwa mtu sahihi: fundi wa stima au fundi wa faiba. Lakini yote haya yanategemea orodha iwe ya kweli. Programu itasema tu kwamba kisanduku fulani kimenyamaza. Kama jina lililoandikwa si la kituo kilipo, taarifa hiyo ni bure.

Isieleweke kwamba programu hufanya kila kitu. Haipandi nguzo. Uzi uliokunjwa vibaya nyuma ya kabati, au uliounganishwa kwa mikono yenye vumbi, hupoteza mwanga, na visanduku vingi vya kawaida havisomi tena mwanga ukishuka chini ya kipimo cha hasi 27. Fundi anayeondoka bila kupima na kuandika kipimo hicho ameacha kazi nusu, hata kama taa ni ya kijani siku hiyo.

Sasa jambo zito zaidi. Programu inayoweza kuamrisha visanduku mia tatu kwa kubofya mara moja inaweza pia kuviua mia tatu kwa kubofya mara moja. Tarehe 24 Februari 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, wavamizi wa mtandao waliingia katika sehemu ya usimamizi ya huduma ya intaneti ya satelaiti ya KA-SAT, inayomilikiwa na kampuni ya Viasat ya Marekani. Waliingia kupitia mlango wa mafundi wa mbali ambao haukuwa umewekwa sawa. Kisha walituma amri halali, zile zile ambazo mafundi wangeweza kutuma, na makumi ya maelfu ya modemu Ukraine na kwingineko Ulaya zikafutiwa kumbukumbu. Nchini Ujerumani, mitambo ya upepo 5,800 ya kampuni ya Enercon ilipoteza mawasiliano na ofisi zinazoisimamia, ingawa iliendelea kuzalisha umeme. Viasat ililazimika kusambaza karibu modemu 30,000 mpya. Haikukatwa kebo hata moja.

Kwa hiyo nani anashika funguo za programu si swali dogo la ofisini. Mkandarasi hujenga, hukabidhi, hulipwa na huenda zake. Akiondoka na nenosiri kuu, kaunti imenunua visanduku isivyoweza kuviamrisha. Kuongeza zahanati mpya itabidi kumpigia yeye. Kubadilisha nenosiri la waifai, yeye. Mkataba mwingine ukitangazwa, yeye ndiye atakuwa na faida kuliko wazabuni wenzake wote. Jambo hili linafaa kuandikwa ndani ya zabuni tangu siku ya kwanza: siku ya makabidhiano kaunti ipokee akaunti kuu ya programu, nakala ya orodha yote ya vifaa na mahali vilipo, na nakala ya maagizo ya kila kifaa. Akaunti za mafundi wa mkandarasi zifungwe siku hiyo hiyo, na kila mfanyakazi wa kaunti awe na akaunti yake badala ya watu sita kutumia nenosiri moja lililoandikwa kwenye kalenda.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 tayari inamtaka afisa mhasibu kusimamia na kutunza kumbukumbu za mali ya umma. Orodha ya programu ya mtandao na daftari la mali la kaunti zinapaswa kusema kitu kimoja. Zikitofautiana, mkaguzi ana haki ya kuuliza kisanduku kiko wapi, na mwananchi pia.

Linalohusu faragha ni fupi. Programu huona kisanduku kiko hewani au la, mwanga wake, na kiasi cha data kilichopita. Haikuundwa kusoma faili la mgonjwa. Hata hivyo, majina na simu za wahusika wa vituo vilivyomo kwenye orodha ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hayafai kuzungushwa kwenye makundi ya simu ya mafundi.

Kwa wasimamizi wa vituo, kuna mambo machache ya kufanya katoni inapofika. Kabla ya kutia sahihi, geuza kisanduku usome nambari ya chini, kisha uilinganishe na iliyo kwenye fomu. Ikiwa ni tofauti, usimfukuze fundi. Andika nambari halisi kwenye fomu na umtake aripoti ofisini akiwa hapo hapo, ili orodha irekebishwe. Mwombe pia aandike kipimo cha mwanga. Kisanduku kisihamishwe kwenda chumba kingine, wala kuazimwa kwa shule jirani kwa sababu "hapa hatukitumii sana". Kule hakitawaka, na huku mtakuwa mmebaki bila.

Nanyi wazee wa vijiji, mkiuliza maendeleo ya mradi katika baraza, msiulize tu kebo imefika wapi. Ulizeni vituo vingapi vya wadi viko kwenye orodha, vingapi vimewaka, na akaunti kuu iko mikononi mwa nani. Afisa anayehusika anapaswa kuweza kujibu akiwa amesimama pale pale, kwa sababu majibu mawili ya kwanza yamo ndani ya programu, na la tatu linapaswa kuwa kwenye mkataba.